Timu ikifanyia kazi nyumbani, msimamizi anasimamia nini hasa?

Karani_Mkuu:

Wakuu, habari za kazi. Naomba mwongozo kwa wenye kuijua kazi ya kusimamia watu wasiowaona.

Timu ni ya watu 9, ofisi iko Dar. Wanne wanachakata ankara za wauzaji: wanazipokea, wanazilinganisha na LPO (hati ya oda ya ununuzi) na hati ya kupokelea mzigo, kisha wanaandaa hati za malipo. Watano wanahudumia wateja kwa simu na barua pepe. Kuanzia mwezi ujao ratiba ni siku 3 nyumbani na 2 ofisini. Mkurugenzi kakubali shingo upande na ametoa masharti matatu: programu ya kupiga picha ya skrini kila baada ya dakika 10, kamera ziwe wazi kwenye vikao vyote, na kila mtu atume ripoti ya siku saa 11 jioni.

Usimamizi wetu mpaka leo ni wa macho. Unapita katikati ya meza, unaona nani kakunja uso mbele ya kompyuta, nani kang'ang'ania simu tangu asubuhi, mafaili ya nani yamefika kidevuni. Mmoja akiwa Mbagala na mwingine Goba, hayo yote yanatoweka.

Nisimamie nini badala yake? Hiyo programu ya picha ina faida yoyote, na sheria inasemaje? Na mtu akizembea kweli, nitathibitisha vipi? Jibu la "waamini tu watu wako" naliheshimu, ila siwezi kulipeleka kwa Mkurugenzi.


Bi_Jalada:

Karani, jibu umelitaja mwenyewe. Mafaili yaliyofika kidevuni ndiyo yalikuwa ripoti yako bora kuliko zote, na hakuna aliyekaa kukuandikia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulirudisha lile rundo mahali utakapoliona. Mengine yatafuata.

Kwa wale wanne wa ankara, fungua jedwali moja la pamoja, Excel inatosha ilimradi liko kwenye hifadhi ya mtandaoni ambako wote wanaandika humohumo. Kila ankara mstari mmoja. Safu ziwe saba: tarehe ya kupokelewa, muuzaji, kiasi, iko kwa nani, hali yake sasa, tarehe hali ilipobadilika mara ya mwisho, na maelezo. Hali ziwe tano tu na zichaguliwe kwenye orodha, zisiandikwe kwa mkono: imepokelewa, inalinganishwa, imekwama, iko kwa mwidhinishaji, imelipwa. Ukiruhusu kila mtu aandike kwa maneno yake, wiki ya pili utakuwa na "bado", "inashughulikiwa", "karibu" na "naifuatilia", maneno manne yenye maana ileile ya hakuna kitu.

Hali ya "imekwama" ina sharti lake: haikubaliki bila sababu na jina la anayesubiriwa. Hapo ndipo utakapoona jambo ambalo macho yako ya ofisini hayakuwahi kukuonyesha. Ankara nyingi zinazochelewa hazijalala kwa karani. Zinasubiri hati ya stoo, au bei kwenye ankara haifanani na ya LPO, au ziko kwa mwidhinishaji ambaye hajafungua barua pepe tangu juzi. Na mwidhinishaji huyo mara nyingi ni wewe. Jiandae kisaikolojia.

Sasa vipimo. Usipime idadi ya ankara peke yake. Ukipima idadi, watu wataokota nyepesi: ya maji, ya intaneti, ya ulinzi, zenye mstari mmoja kila moja. Ile ya vipuri yenye mistari 40 itazeeka pale pale, na kwenye hesabu kila mtu ataonekana hodari. Dawa ni mbili kwa pamoja. Gawa kazi kwa foleni, iliyotangulia kuingia ndiyo inayotangulia kushikwa, na karani asijichagulie. Kisha kila Ijumaa soma namba mbili kwa kila mtu: umri wa ankara iliyokaa siku nyingi kuliko zote kwake, na ngapi zilirudishwa kwa makosa. Hizi mbili zinachungana. Anayekimbiza umri kwa kulipua kazi ataumbuliwa na marejesho, na anayeogopa marejesho hadi anaganda ataumbuliwa na umri.

Halafu ukaguzi wa sampuli. Kazi 5 kwa kila mtu kwa wiki, uzichague wewe bila mpangilio, zisiwe alizokuletea yeye. Watu 9 mara 5 ni kazi 45. Dakika 4 kila moja ni saa 3 kamili kwa wiki. Zitenge kwenye kalenda yako kama kikao, kwa sababu hizi ndizo saa ulizokuwa unazitumia kupita kati ya meza. Wasimamizi wengi wanaposhindwa wanashindwa hapa: wamepoteza matembezi ya ofisini na hawakuweka kitu mahali pake, halafu wanajaza pengo kwa kupiga simu za "uko wapi saa hizi?".

Kuhusu maagizo. Ofisini ukisema "nishughulikie ile ya jamaa wa vipuri", mtu anageuka, anauliza ipi, mnamaliza. Akiwa nyumbani atakisia, atafanya, na makosa utayaona kesho. Agizo la mtu asiyekuona liwe na mambo matano: kinachotakiwa, mfano wa iliyokamilika, siku na saa, wa kumuuliza, na cha kufanya akikwama. "Haraka iwezekanavyo" si saa. Andika "Jumatano saa 9 alasiri". Na agizo lisitumwe kwenye kundi la WhatsApp, maana litafunikwa na salamu, misiba na picha za harusi kabla mhusika hajaliona. Likae kwenye mstari wa kazi yenyewe.

Ripoti ya saa 11 jioni mwombe Mkurugenzi aibadilishe. Ripoti ya jioni inazaa hadithi: mtu anatumia nusu saa kupamba siku yake, na kama alikwama saa 3 asubuhi wewe unajua saa 11, siku imekwisha. Badala yake iwe mistari mitatu ya asubuhi, kabla ya saa 2:45: nilichokamilisha jana, ninachofanya leo, kilichonikwamisha. Wewe kazi yako ni kuumaliza mstari wa tatu kabla ya saa 4. Ukiupuuza siku tatu mfululizo, siku ya nne wote wataandika "hakuna".

Programu ya picha: piga hesabu tu. Siku ya saa 8 ni picha 48 kwa mtu. Watu 9 ni picha 432. Ukiitazama kila moja kwa sekunde 10 ni dakika 72 kila siku, na ukimaliza utakuwa umeona madirisha ya Excel. Picha ya jedwali lililofunguka haisemi kama aliyekaa mbele yake analinganisha ankara au anakunywa chai. Na kwa programu zinazopima kutikisika kwa kipanya, watu wanaweka kipanya cha mwanga juu ya saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Mshale ukipita chini ya kile kijitaa, kielekezi kinasogea kwenye skrini, na taa ya kijani ya kuonyesha mtu yuko kazini inawaka hadi jioni. Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo huko Marekani iliwafukuza zaidi ya watu kumi na wawili kwa tuhuma za kuigiza kazi kwenye kibodi. Ukipima mtikisiko utaletewa mtikisiko.

Taa ya kijani ya Teams, ile programu ya vikao na ujumbe, nayo usiitegemee. Inageuka njano kompyuta ikikaa dakika 5 bila kuguswa. Anayesoma mkataba wa kurasa 12 aliouchapisha kwenye karatasi ataonekana hayupo, na anayezurura kwenye mitandao ataonekana mchapakazi.


Kifungu_Kwa_Kifungu:

Bi Jalada kamaliza upande wa kazi, mimi niseme upande wa sheria maana swali limeulizwa.

Tanzania Bara na Zanzibar tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Picha ya skrini ya mfanyakazi ni taarifa binafsi. Mara nyingi si zake peke yake: ndani ya picha ileile kuna jina la mteja, namba yake ya simu, pengine hesabu yake ya benki. Kwa hiyo kabla ya kuwasha kitu chochote:

Mwajiri awe amesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kama mkusanyaji wa taarifa. Wafanyakazi waambiwe kwa maandishi kinachokusanywa, kwa lengo gani, nani ataona na kitafutwa lini. Kinachokusanywa kisizidi lengo; ukisema lengo ni usalama wa taarifa za wateja, huwezi kuja kuzitumia picha hizohizo kwenye tathmini ya mwaka. Uliza pia picha zinahifadhiwa wapi. Nyingi ya programu hizi zinatunza kwenye kompyuta za nje ya nchi, na kuhamisha taarifa nje kuna masharti yake. Tena sheria inampa mtu haki dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mashine peke yake, kwa hiyo barua ya onyo inayotoka kwa sababu tu programu imeandika asilimia 41 ya "utendaji" iko kwenye hali mbaya.

Mkiwa na tawi Kenya, kule ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kifungu cha 31 kinadai tathmini ya athari ifanyike kabla, pale ambapo uchakataji unaweza kuwa na hatari kubwa kwa haki za watu. Ufuatiliaji wa kudumu wa wafanyakazi ni mfano wa wazi.

Kwa anayedhani haya ni maneno ya vitabuni: Desemba 2024 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ufaransa, CNIL, iliitoza kampuni moja ya mali isiyohamishika faini ya euro 40,000. Programu yao ilikuwa inahesabu dakika za "kutofanya kazi" pale mtu asipogusa kibodi wala kipanya kwa dakika 3 hadi 15, na kupiga picha za skrini. Hoja ya mamlaka ilikuwa rahisi: kutogusa kibodi si kutofanya kazi, mtu anaweza kuwa kwenye simu au kikaoni. Ndicho alichosema Bi Jalada kuhusu mkataba wa kurasa 12.

Kamera nayo. Mwaka 2022 mahakama ya Uholanzi iliamua kwamba kumlazimisha mfanyakazi awashe kamera kutwa nzima kunakiuka faragha yake, na kumfukuza kwa kukataa hakukuwa halali. Hapa kwetu uamuzi huo haufungi mtu, lakini mantiki yake itasomwa. Kamera kwenye kikao kifupi ni jambo jingine, hiyo mnaweza kukubaliana.

Saa za kazi ndiyo sehemu inayosahaulika kuliko zote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, haikubadilika kwa sababu mtu kahamia sebuleni kwake. Kikomo ni saa 9 kwa siku, saa 45 kwa wiki, na siku 6 kwa wiki. Muda wa ziada kwa makubaliano, usizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na unalipwa si chini ya mara moja na nusu. Usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mapumziko kati ya siku na siku ni saa 12 mfululizo. Sasa msimamizi anayetuma "nitumie hiyo faili mara moja" saa 3:30 usiku anatengeneza ushahidi dhidi ya mwajiri wake mwenyewe, tena wenye saa na tarehe. Kama unafanya kazi usiku kwa hiari yako, andika ujumbe na uupangie utoke saa 2 asubuhi. Outlook inaweza.

Kuthibitisha uzembe. Ukifika CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha kwamba sababu ni halali na utaratibu ulifuatwa. Kanuni za Utendaji Bora, GN (Tangazo la Serikali) 42 ya 2007, zinauliza: kiwango kilikuwepo? Mfanyakazi alikijua? Kilikuwa cha haki? Alipewa nafasi ya kujirekebisha? Kwa hiyo ushahidi wako ni karatasi nne: kiwango alichokisaini, sampuli zenye makosa na tarehe zake, muhtasari wa mazungumzo yenu, na mpango wa kujirekebisha wenye muda, tuseme wiki 6, pamoja na msaada uliompa. Picha 9,000 za skrini hazichukui nafasi ya hata moja kati ya hizo.


Karani_Mkuu:

Nimeanza kuelewa. Ila hapo kwenye ankara nina wasiwasi mwingine ambao Mkurugenzi hajautaja: wizi. Ofisini hati ya malipo inapita mikono mitatu ndani ya chumba kimoja.


Hesabu_Mbili:

Wasiwasi wako ni sahihi kuliko masharti yote matatu ya Mkurugenzi. Kinachobadilika watu wakitawanyika ni kwamba zile kinga zisizoandikwa zinakufa kimyakimya. Nenda kwenye ile ya hatari zaidi: kubadilisha akaunti ya benki ya muuzaji.

Inavyokuwa: inaingia barua pepe kutoka kwa muuzaji mnayemjua, yenye nembo na sahihi, inasema "tumebadilisha benki, malipo yajayo yaelekezeni hapa". Anwani inafanana isipokuwa herufi moja, au imetoka kwenye akaunti halisi ya muuzaji iliyodukuliwa. Ofisini karani angegeuka na kumuuliza wa meza ya pili, "hawa wamebadilisha benki kweli?", na huyo angesema "jana nimeongea nao hawakuniambia". Swali hilo la sekunde tano ndiyo kinga yenyewe, na haliko kwenye mwongozo wowote. Nyumbani halipo.

Kwa hiyo liandike liwe sheria. Badiliko lolote la akaunti: karani anapiga simu kwa namba iliyo kwenye faili la usajili wa muuzaji. Namba iliyo kwenye barua pepe iliyoleta badiliko haipigwi kabisa. Anaandika jina la aliyeongea naye, tarehe na saa. Mtu wa pili, asiyekuwa yeye, ndiye anayeingiza namba mpya kwenye mfumo. Malipo ya kwanza kwenye akaunti mpya yanasubiri siku 2 za kazi, hata muuzaji akilia. Hasa akilia. Tapeli siku zote ana haraka.

Pili, haki za mfumo. Orodhesha nani anaweza kusajili muuzaji, nani anaandaa malipo, nani anaidhinisha, nani anatoa pesa benki. Jina moja lisionekane kwenye nafasi mbili zinazofuatana. Kosa linalotokea sana kazi ikihamia nyumbani: mwidhinishaji anachoka kuingia kwenye mfumo kila mara, anampa karani nywila yake "kwa leo tu". Siku hiyo usimamizi wako wote umekwisha, na kumbukumbu za mfumo zitaonyesha kila kitu kiko sawa. Kifaa cha benki cha kutolea namba za siri, au simu inayopokea namba hizo, kikae na mwenyewe, kisiachwe kwenye droo ya ofisi "ili atakayekuwepo atumie".

Tatu, sahihi. Hati iliyochapishwa, ikasainiwa, ikapigwa picha kwa simu na kurudishwa kwa WhatsApp si uthibitisho. Sahihi hiyo inaweza kukatwa na kubandikwa kwenye hati nyingine ndani ya dakika moja. Idhini itoke ndani ya mfumo. Kama mfumo hauna, basi barua pepe kutoka kwa mwidhinishaji mwenyewe ikitaja namba ya hati, muuzaji na kiasi. "Sawa, endelea" peke yake haikubaliki, maana kesho mtabishana ilikuwa sawa ya nini.

Na zile siku 2 za ofisini msizitumie kukaa kimya kila mtu na kompyuta yake, kama mlivyo nyumbani. Siku moja iwe ya ulinganishaji wa hesabu za wauzaji na mizozo ya ankara, kazi zinazotaka watu wawili watazame karatasi moja.


Foleni_ya_Simu:

Nakubaliana na wengi hapo juu lakini mnazungumza kama vile timu nzima ni ya ankara. Kuna watano wa simu. Kwao habari ya "pima matokeo, achana na muda" haifai, na ukiwaambia hivyo utaharibu huduma.

Chukua hao watano. Tuseme simu zinazoingia zinawafanya wawe na shughuli asilimia 80 ya muda wao. Maana yake kuna kazi ya watu 4 kamili. Akiondoka mmoja bila taarifa, wanabaki wanne wenye kazi ya wanne, yaani asilimia 100, bila hata pumzi kati ya simu na simu. Foleni haiongezeki kwa sehemu moja ya tano kama mtu anavyodhani. Inaanza kukua bila kushuka mpaka wateja wakate tamaa. Kwenye simu, kuwepo saa iliyopangwa ndiyo sehemu ya matokeo.

Ila kulijua hilo huhitaji picha za skrini. Mfumo wa simu unarekodi wenyewe: nani kaingia saa ngapi, kapokea ngapi, kaziacha ngapi ziite. Soma mambo matatu. Kwanza, kufuata zamu: zamu inaanza saa 2, mtu aonekane tayari kupokea saa 2, na mruhusu dakika 5 huku na huku. Pili, simu zilizoita hadi zikakatika zikiwa kwa mtu aliyejiweka "tayari". Hii ikizidi kwa mtu mmoja, ama hayupo kwenye kiti ama vifaa vyake vina matatizo. Anza na vifaa. Tatu, mteja yuleyule kupiga tena ndani ya siku 7 kwa jambo lilelile. Hiki cha tatu ndicho kinachosema ukweli, kwa sababu urefu wa simu ukiupima peke yake watu watawakatia wateja.

Ubora usikilize mwenyewe. Simu 3 zilizorekodiwa kwa kila mtu kwa wiki, na moja kati ya hizo msikilize pamoja naye. Msikilize hadi mwisho kabla hujasema neno, kisha mwache aanze yeye kusema angebadilisha wapi. (Mteja naye aambiwe mwanzoni kwamba simu inarekodiwa, Kifungu atakubaliana nami.)

Ofisini mtu wa simu akikwama alikuwa ananyoosha mkono na msimamizi anasogea. Nyumbani weka chumba cha sauti kilicho wazi kutwa nzima, na kila saa kuna mmoja wa zamu ya msaada. Akiuliza na akakaa dakika 3 bila jibu, mteja yuko hewani anasikiliza muziki. Pima hizo dakika pia. Hizo ni zako wewe msimamizi.

Mgeni kazini usimwanzishie nyumbani. Wiki 4 hadi 6 za kwanza ofisini kila siku, pembeni ya mtu mzoefu. Kuna mambo hayafundishwi, yanasikika tu meza ya jirani: namna ya kumtuliza mteja anayefoka, au lini kumhamishia mkubwa.


Waya_na_Bando:

Niongeze la umeme na mtandao, maana nusu ya ugomvi wa wasimamizi na walioko nyumbani unaanzia hapo.

Kamera kwenye vikao vyote: kikao cha video cha kundi kikivuta megabiti 1.8 kwa sekunde kinakula MB 810 kwa saa. Sauti tupu ikivuta kilobiti 80 ni MB 36 kwa saa. Kwa hiyo saa moja ya kamera ni sawa na saa 22 za sauti. Kama kampuni haimnunulii mtu bando, sharti la kamera ni makato ya mshahara kwa jina lingine. Kikao cha asubuhi kiwe cha sauti, dakika 15. Kamera iwe kwa mazungumzo ya ana kwa ana ya kila wiki, dakika 30, ambapo uso una maana.

Umeme: ruta ya kawaida inatumia volti 12 na kama wati 8. Betri ndogo ya ruta ya mAh 8,800 kwa volti 3.7 ina wati-saa 32 na kidogo. Toa upotevu, unabaki na saa 3 hivi. Inatosha kwa makatiko mengi, na kompyuta ina betri yake. Angalieni volti ya ruta kabla ya kununua: ruta ya volti 12 ukiipa 9 itawaka taa na kujizima kila mtandao ukizidiwa, na mtamlaumu mtoa huduma bure.

Andikeni utaratibu wa kukatika. Mtu atume SMS ya kawaida ndani ya dakika 15, kwa kuwa bando linaweza kuwa limeondoka pamoja na umeme. Awe na orodha ya kazi za nje ya mtandao, kwa mfano kulinganisha ankara zilizokwisha pakuliwa. Ikizidi saa 2, ama aje ofisini ama saa zihamishwe, na ijulikane mapema ni ipi. Bila hayo, mkweli atahangaika kila mara kujieleza, na mjanja atakuwa na mgao wa umeme wa peke yake mtaani kwao.


Karani_Mkuu:

Shukrani sana wadau. Moja la mwisho: Mkurugenzi ni mtu wa namba. Nimpe nini cha kumtuliza? Na nianze na jedwali au na mikataba?


Bi_Jalada:

Mpe majaribio mawili ya kampuni ya usafiri ya China, Ctrip, ambayo sasa ni Trip.com. Matokeo ya la kwanza yalichapishwa mwaka 2015: wahudumu wa simu waliofanyia kazi nyumbani kwa miezi 9 waliongeza utendaji kwa asilimia 13. Tisa kati ya hizo zilitokana na dakika nyingi zaidi kazini ndani ya zamu, mapumziko na siku za kuugua zikipungua, na nne ni simu nyingi zaidi kwa dakika. Walioacha kazi walipungua kwa nusu. Lakini mwonyeshe na upande wa pili: ukilinganisha wenye utendaji sawa, wa nyumbani walipandishwa vyeo kwa nadra zaidi. Huo ni ugonjwa wa msimamizi, anamkumbuka anayemwona. Ukikaa kupanga nyongeza, anza na jedwali la namba likiwa halina majina, kisha fungua majina.

La pili lilichapishwa 2024, watu 1,612, siku 2 nyumbani kwa wiki. Utendaji haukushuka, na kuacha kazi kulipungua kwa theluthi. Kinachomhusu Mkurugenzi ni hiki: kabla ya jaribio mameneja walitarajia tija ishuke kwa asilimia 2.6, baada yake walisema imepanda kwa asilimia 1. Usimwambie kwamba ni sawasawa na mpango wenu, ninyi ni siku 3. Mwombe miezi 3 ya majaribio bila programu ya picha.

Anza na jedwali, tena lianze wiki hii mkiwa bado ofisini wote. Ukilianzisha siku ileile watu wanapoondoka, hutakuwa na namba ya kulinganisha, na kila ankara itakayochelewa italaumiwa nyumbani hata kama ilikuwa inachelewa miaka yote. Wiki nne za namba za ofisini zinatosha.

Na safu za tarehe zifunge zikubali tarehe tu. Kompyuta moja ikisoma siku kwanza na nyingine mwezi kwanza, ankara ya 3/7 itageuka ya Machi, itaonekana ina miezi minne zaidi, na Ijumaa utamfokea mtu asiye na kosa.